Kola ya Farasi Mfupi

Katika maonyesho ya farasi wafupi huko Marekani, duru ambayo watazamaji huingojea kwa hamu kuliko nyingine zote, nayo aghalabu hupokewa kwa kicheko cha mapenzi kabla haijapokewa kwa makofi, ni ile ya matandiko ya kazi. Lango la uwanja hufunguliwa, na gari la magurudumu manne lililopakwa rangi na kung'arishwa huingia likikokotwa na farasi ambao migongo yao haifiki kiunoni mwa mtu mzima, wamevishwa kola nene za ngozi, njumu za shaba zikimetameta juu ya kila mkanda, manyoya ya shingoni yamesukwa kwa tepe na mikia imefungwa juu, sawasawa na walivyopambwa tangu zamani farasi wakubwa wa Clydesdale, Percheron na Belgian waliokuwa wakivuta plau na magari ya shehena kabla ya kuja trekta. Nimeketi juu ya gari la namna hiyo, hatamu zikiwa vidoleni mwangu, na kicheko hicho nakijua. Na kwa kuwa mimi sikuzaliwa katika nchi ya farasi bali katika mji wa punda, na yale niliyojifunza nyuma ya farasi wafupi yalikuja kunifasiria, baada ya miaka mingi, mambo niliyoyaona utotoni bila ya kuyaelewa, naona si haki niyaweke moyoni peke yangu.

Farasi mfupi si mtoto wa farasi, wala si kiumbe aliyedumaa. Ni mnyama mzima, mwenye viungo vilivyolingana, aliyechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa udogo wake. Wamarekani wana madaftari mawili makubwa ya nasaba zao: American Miniature Horse Registry, lililofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 chini ya chama cha farasi wa Shetland cha nchi hiyo, chama ambacho chenyewe ni cha mwaka 1888, na American Miniature Horse Association, cha mwaka 1978. Chama hiki hakimkubali farasi apitaye inchi 34, yaani sentimita 86 hivi. Daftari lile la kwanza lina tabaka mbili, na tabaka ya pili hufika inchi 38. Kimo hupimwa pale nywele za mwisho za shingoni zinapokomea mgongoni. Kuna duru za kukokota za kila namna: farasi wengine huvuta vigari vyepesi vya magurudumu mawili kwa madaha, wengine huendeshwa kwa kasi na dereva aliyevaa hariri za rangi kama mpanda farasi wa mbio. Matandiko ya kazi ni mlango wa peke yake, na ndani yake hayatakiwi madaha wala kasi, ila nguvu iliyotulia.

Wachekao hawana nia mbaya. Wana upungufu wa habari tu. Hudhani kwamba wanyama hawa wamevishwa nguo za wakubwa kwa mchezo, wala hawajui kwamba jadi yao wamevuta mizigo mizito kuliko farasi wengi warefu, tena mahali ambapo jua halikuwaona. Mwaka 1842 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku wanawake na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi katika migodi ya makaa, na pengo lililoachwa na watoto wale, waliokuwa wakiburuta vigari vya makaa katika mapito yasiyomruhusu mtu kusimama wima, likajazwa na farasi wafupi wa Shetland. Mwaka 1870 Marquess wa Londonderry, tajiri wa migodi, akaanzisha zizi la kuwazalisha katika visiwa vya Bressay na Noss, akichagua madume yenye vifua vipana, mifupa mizito na miguu mifupi, ili watoto wao wapite chini ya dari za mgodi. Farasi wa mwisho wa migodi ya Uingereza walipumzishwa katika miaka ya 1990, ambayo si zamani hata kidogo. Damu ya Shetland ilivuka bahari ikafika Marekani, na imo tele katika farasi wafupi wa leo. Kwa hiyo anapovishwa kola, farasi mfupi hakuvikwa mapambo. Amerudishiwa nguo ya kazi ya babu zake, na ni juu ya amvishaye kuhakikisha kwamba safari hii inamkaa.

Mimi nilifika Ohio kwa sababu za riziki, ambazo ndizo sababu za wengi, nikaajiriwa kusafisha mazizi na kulisha katika shamba la bwana mmoja mtu mzima na mkewe. Nilimwita mzee wangu, kwa ada ya kwetu, naye aliniita kwa jina la babu yangu, kwa kuwa ndilo lililoandikwa mwisho katika karatasi zangu, na sikumsahihisha kwa sababu nililipenda jina lile kulisikia likiitwa tena. Katika ujana wake alikuwa ameendesha Belgian wa baba yake shambani. Magoti na mgongo vilipokataa kuinua kola na matandiko ya wanyama wale, alihamia farasi wafupi bila ya kuacha hata kanuni moja ya wakubwa. Alipoona kwamba nina subira na wanyama, alianza kunifundisha, na somo la kwanza halikuwa la hatamu wala la mjeledi. Aliniita kwa farasi aliyetoka kazini muda ule, akamvua kola, akaniambia nitazame jasho.

Nilitazama na sikuona kitu. Akaniongoza kwa kidole. Mahali kola ilipokaa, alisema, manyoya yanatakiwa kulowa sawasawa toka juu hata chini ya bega. Na ukiona katikati ya unyevu ule doa moja kavu, ukubwa wa sarafu, basi hapo pamegandamizwa hata jasho limeshindwa kutoka, na kesho hapo patakuwa na uvimbe, na keshokutwa kidonda. Doa kavu halipigi kelele. Farasi hataonyesha kuchechemea, ataendelea kuvuta, na mwenye kumpenda atampapasa shingo na kumpa karoti, na kidonda kitakuja vilevile.

Maneno hayo yalinirudisha Lamu. Mji wetu una vichochoro ambamo gari halipiti, na kila kilichojengwa pale, mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga, boriti zilizoshushwa na majahazi, kimepita juu ya mgongo wa punda, mchungaji akienda nyuma kwa telki na kupaza sauti, "Simile! Simile!" watu wapishe kwenye kuta. Nyumbani kwetu walikuwapo punda, mali ya baba na ami zangu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mwanamke mwenye huruma ambayo sijaiona kwa mwingine. Jioni punda walipovuliwa soji, aliketi uani na kikombe cha mafuta ya nazi yaliyokorogwa na manjano, akawapaka vidonda vya mgongo kimoja kimoja, huku akiwasemesha kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa. Na mimi nilishika taa. Asubuhi soji ile ile, na gunia lile lile lililokunjwa chini yake kwa namna ile ile, vilirudishwa mahali pale pale palipopakwa dawa. Hakuna aliyekuwa mkatili katika nyumba ile. Baba aliamini kuwa punda huota vidonda kama mti unavyoota magome, bibi aliamini kuwa dawa ya kidonda ni mafuta, na kati ya imani mbili hizo hapakuwa na mtu aliyekunjua lile gunia akatazama mahali mkunjo wake ulipoangukia. Mwaka 1987, shirika la Kiingereza la The Donkey Sanctuary, lililoasisiwa na Bibi Elisabeth Svendsen, lilipofungua zahanati ya punda mjini kwetu, waganga wake walitibu bila ya malipo, na jambo walilolirudia kwa wachungaji lilikuwa la matandiko kuliko la dawa. Nilikuwa nikiyasikia maneno hayo yakisemwa barabarani. Nilikuja kuyaelewa Ohio, mbele ya doa kavu la jasho.

Kola ndiyo moyo wa matandiko ya kazi, na kila kilicho kizuri katika duru ile hutokana nayo. Ni pete ya ngozi yenye umbo la tone, iliyoshindiliwa majani makavu ya shayiri nyeusi yaliyo marefu, nayo hukaa katika bonde lililo kati ya shingo na bega. Juu yake hufungwa mikono miwili ya chuma au mti inayoikumbatia kwa nje, na katika mikono hiyo hutoka mikanda ya mvuto inayokwenda nyuma hata garini. Farasi havuti kwa shingo wala kwa kifua. Husukuma kola kwa mabega, na kola huvuta gari. Kola zinazofunguka juu hufunguliwa kwa bizimu. Zile zisizofunguka hupitishwa kichwani zikiwa zimepinduliwa chini juu, kwa kuwa kichwa cha farasi ni kipana zaidi penye macho, kisha hugeuzwa shingoni. Kola ya farasi mkubwa wa kazi yaweza kuwa na inchi 24 au zaidi kwa ndani, toka juu hata chini. Kola ya jike wetu mzee, aliyekuwa mwalimu wangu wa pili, ilikuwa ya inchi 14.

Kipimo chake ni mkono wa mtu. Kola ikishafungwa na farasi ameinua kichwa kama anavyokiinua kazini, vidole vilivyonyooshwa vipite bapa kati ya kola na koo, wala visipite vingi wala visikwame. Na ubavuni kola iguse shingo bila ya kuibana. Ikiwa ndefu mno, hushuka na kusugua ncha ya bega, ambayo ndiyo hucheza kwa kila hatua. Ikiwa fupi mno, humkaba koo anapovuta, naye atasimama, na dereva asiyejua atasema farasi huyu mkaidi. Tena shingo ya farasi haikai hali moja mwaka mzima. Farasi wafupi hunenepa upesi, na mafuta yao hupenda kukaa juu ya shingo. Kola iliyomfaa mwezi wa Mei, alipotoka katika majani mabichi, yaweza kuwa pana mwezi wa Septemba baada ya kazi ya kiangazi. Kwa hiyo mzee wangu alikuwa na kola nyingi kuliko farasi, zimetundikwa ukutani kila moja na namba yake ya chaki, na alizibadilisha hata mara mbili au tatu kwa mnyama mmoja katika msimu mmoja. Wageni walidhani ni kupenda mali. Mimi nilidhani hivyo pia, mpaka nilipoona mabega ya wanyama wake, yasiyokuwa na unywele mmoja mweupe, ule unaoota mahali palipopata kuchubuka.

Nikajifunza vilevile pembe ya mvuto, ambayo wengi waliosoma vitabu kuliko mimi hawaijui. Mkanda unapotoka katika kola kwenda garini unatakiwa kukutana na mstari wa bega kwa pembe mraba. Ukipanda kuliko hivyo, huinua kola na kuitia koromeoni. Ukishuka kuliko hivyo, huisukumiza katika ncha ya bega. Na mkanda haufungwi garini moja kwa moja, hufungwa katika mti wa mizani, unaozunguka juu ya msumari mmoja wa katikati, ili bega la kulia linapokwenda mbele na la kushoto kubaki nyuma, mti uyumbe na kola isisuguane na ngozi. Mafundi wengine huwauzia wenye farasi wafupi magari yaliyopunguzwa kila kitu isipokuwa kimo cha mti huo, na matokeo yake mikanda yote hupanda juu. Gari ni zuri, rangi yake yapendeza, na farasi anakabwa.

Hapa ndipo penye ugumu wa elimu hii, na napenda kukaa hapa kidogo. Farasi wa Shire mwenye inchi 68 ni mrefu mara mbili kamili ya farasi wetu wa inchi 34. Ila uzito wake si mara mbili. Urefu umezidi mara mbili, upana mara mbili, na unene mara mbili, na hesabu yake hutoka nane: mkubwa akiwa na kilo 900, mdogo atakuwa na kilo 110 hivi. Basi anayepunguza matandiko kwa jicho, akikata kila mkanda nusu ya upana wa zamani ili picha ipendeze, amefanya hesabu ya mchoraji na si ya mnyama. Mkanda mwembamba hukata. Palipo na mgandamizo hautakiwi kupunguzwa kwa kadiri ile ile ya mapambo. Na kuna kitu kimoja ambacho hakipungui kabisa, nacho ni mtu aketiye juu. Mtu wa kilo 80 kwa Shire ni pungufu ya sehemu ya kumi ya uzito wake. Kwa farasi mfupi peke yake ni karibu robo tatu, kabla ya kuhesabiwa gari. Magurudumu husaidia sana, na katika ardhi ngumu na tambarare mnyama mwenye siha, aliyezoezwa, huvuta uzito kupita wake bila ya taabu. Lakini katika udongo laini wa uwanja wa maonyesho gurudumu huzama kidogo, na kile kidogo kwa farasi wa kilo 110 si kidogo. Mzee wangu hakuingiza gari uwanjani kabla ya kuutembea kwa miguu, akikanyaga kwa kisigino kila kona, na palipokuwa na udongo mzito alinitazama mimi, niliyekuwa mwepesi kuliko yeye, akanipa hatamu.

Juu ya kola hiyo hiyo nilipata kusoma habari za afisa mmoja wa Kifaransa, Lefebvre des Noëttes, aliyeandika mwaka 1931 kwamba watu wa kale, kwa kuwafunga farasi mikanda ya kooni, waliwakaba hata wasiweze kuvuta ila mizigo midogo, mpaka kola ilipokuja kuwaokoa. Kitabu chake kiliaminiwa miaka mingi. Kisha Mfaransa mwingine, Jean Spruytte, akatengeneza kwa mikono yake matandiko ya namna ile ya kale, akawafunga farasi walio hai na kuwaendesha, akaona kwamba mikanda ile ikikaa mahali pake haikabi kama ilivyodaiwa, akayaandika majaribio yake mwaka 1977. Nawaheshimu wote wawili, maana yule wa kwanza aliuliza swali ambalo wenye elimu hawakuwa wamelijali; ila moyo wangu uko kwa huyu wa pili, kwa sababu alikwenda zizini.

Uwanjani waamuzi hutaka kuona mambo machache, nayo ni magumu kwa uchache wake. Hutaka hatua ya kutembea iliyo ndefu, ya uhakika, mabega yakiingia katika kola na mikanda ikiwa imekaza. Kisha mwendo wa matiti wenye nguvu, miguu ikiinuka bila ya kupapatika. Kisha kusimama, na kurudi nyuma kwa unyoofu. Watazamaji hupiga makofi wakati wa matiti. Mwamuzi mwenye maarifa huandika wakati wa kutembea, kwa kuwa katika mwendo wa polepole hakuna kitu cha kufichia: farasi anayeumia hufupisha hatua, asiyezoezwa huikimbia, na jozi isiyopatana huacha mkanda mmoja umelegea huku wa mwenzake umekaza, maana yake mmoja anafanya kazi ya wawili. Kurudi nyuma kunautegemea ukanda wa mapaja, ambao ndio breki ya farasi. Mnyama hukaa juu yake kidogo, akalisukuma gari kwa nyuma ya mapaja.

Na kama ni farasi sita, wawili wawili, ndipo kazi hudhihiri kwa ukamilifu wake. Dereva hushika hatamu sita, tatu kila mkono. Jozi ya mbele huchaguliwa kwa wepesi na ushujaa. Jozi ya gurudumuni, iliyo karibu na gari, kwa uzito na utulivu. Na jozi ya kati ndiyo yenye akili isiyoonekana, kwani gari linapopinda kona, wa mbele wamekwisha kugeuka na mvuto wao unamvuta kila aliye nyuma aikate kona, naye wa kati anatakiwa kusogea kinyume, avuke mguu juu ya mguu kuelekea nje ya kona, alizuie gari lisigonge ukingo. Jambo hili halifundishwi kwa mjeledi. Hufundishwa kwa majuma ya kwenda polepole katika uwanda mtupu, kwa sauti, kwa kumpa mnyama nafasi ya kufahamu. Na farasi mfupi hufahamu. Sheria ya maonyesho yao humzuia asiingizwe katika duru za kukokota kabla hajatimia miaka 3, na mzee wangu aliongeza mwaka mwingine juu ya huo, bila ya kumlaumu aliyefuata sheria peke yake.

Mwaka mmoja tulikwenda Tulsa, katika Oklahoma, ambako daftari lile la kwanza lilikuwa likifanya maonyesho yake makuu ya taifa mwezi wa Septemba. Kutoka Ohio ni kuvuka Indiana, Illinois na Missouri nzima. Tulikuwa na farasi sita. Mke wa mzee alikesha akisuka tepe, na mimi nikapaka shaba dawa hata nikaona uso wangu katika kila njumu. Saa moja kabla ya duru, mzee alipitisha kiganja, kama ilivyokuwa desturi yake, katika mabega yote kumi na mawili, na katika bega la kushoto la jike mmoja wa wale wa gurudumuni akasimama. Manyoya yalikuwa yamesimama kidogo, si kuchubuka, ila ngozi chini yake ilikuwa na joto. Aliniita niguse, nikagusa. Jirani wa zizi la pili, mtu mwema aliyetupenda, alisema kwamba kola itapafunika, na hakuna mwamuzi atakayeona. Mzee akamjibu kwa upole, "Mwenye bega anajua." Akaanza kufungua mikanda. Mkewe hakusema neno; alikwenda kwa yule jike akazifungua tepe alizozisuka usiku kucha, akazikunja, akaziweka mfukoni. Siku hiyo tuliingia na wanne. Utepe tulioupata ulikuwa wa manjano, ambao ni wa nafasi ya tatu, na mzee aliufunga kwa farasi wa kulia wa ile jozi iliyozoea kati, akisema kwamba zile kona zote zilikuwa kazi yake.

Nina shauri juu ya duru hizi, nalitoa kwa staha kwa kuwa mimi ni mgeni katika jambo la watu. Mwamuzi huitazama kola kwa nje, shaba yake na mng'ao wake; ningependa duru inapokwisha, kabla tepe hazijagawiwa, kola zivuliwe mbele yake, naye atazame mabega na jasho. Ingechukua dakika chache. Wangelalamika wachache mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili mafundi wangeanza kuulizwa maswali ambayo leo hawaulizwi. Duru inayojiita ya kazi imestahiki kuhukumiwa kwa dalili za kazi, na dalili hizo zimeandikwa mwilini mwa mfanyakazi.

Mwana wa ndugu yangu anauza maji Malindi kwa mkokoteni wa punda. Alipoona picha zangu alinipigia simu, na baada ya kuniamkia na kuniuliza hali, hakuuliza bei ya farasi wala ya gari, akasema, "Ami, ile pete ya shingoni, punda wangu yaweza kumfaa? Maana kamba inamla shingo." Nilifurahi kwa swali lile kuliko kwa utepe wowote. Nikamweleza kwamba shingo ya punda si ya farasi, ni nyembamba juu na bapa ubavuni, na kola ya farasi itamyumba; kwamba kwa mzigo wa kadiri ukanda mpana wa kifuani waweza kutosha, ukipita juu ya ncha ya bega na chini ya koromeo, nao usiwe kamba ya nailoni bali turubai iliyokunjwa na kushonwa; na kwamba kwa mitungi mingi, katika mchanga, kola ni bora, na fundi wa viti aliye karibu naye aweza kuishona kwa turubai na kuishindilia sufi au makumbi, akipewa umbo sahihi. Umbo hilo hupatikana kwa waya mnene: huzungushwa shingoni mahali kola itakapokaa, hubanwa ufuate mwili, kisha huvuliwa kwa taratibu na kuchorwa juu ya karatasi. Amekwisha kuniletea michoro ya punda watatu. Miwili inaelekea kuwa sahihi. Wa tatu umetoka mfupi kuliko nilivyotazamia, na nimemwandikia apime tena jioni, baada ya kazi, punda akiwa ameinua kichwa, kwa sababu nadhani alimpima akinywa maji.